Fensi ya Miti Ikikauka: Hatua za Kufuata Kabla ya Kung'oa

Kipupwe kikikaribia kuisha, kuanzia Agosti hivi, malalamiko ya bustani Arusha na Moshi huwa ni yale yale. Haibiskasi imepukutisha majani, bogenvilia imebaki vijiti, fensi ya msaipresi imegeuka kahawia upande mmoja, na kijana wa bustani keshashika jembe anasubiri ruhusa ya kung'oa. Usimpe bado. Miti mingi inayong'olewa mwezi wa nane ingechipua yenyewe vuli ikianza. Na ile iliyokufa kweli, mara nyingi baridi inasingiziwa tu: iliumizwa na maji ya masika yaliyotuama kwenye mizizi, au na takataka zilizochomwa pembeni yake, baridi ikaja kumalizia kazi.

Tuanze na baridi yenyewe, maana kuna baridi za aina mbili na matibabu yake hayafanani. Sakitu, yaani umande ulioganda, hupiga Njombe, Makete na nyanda za Kitulo, na huku kwetu utaikuta juu kabisa ya Kilimanjaro na Meru, msitu ukishaisha. Pale maji yaliyomo ndani ya jani huganda na kupasua chembe zake, na jua likichomoza jani linalegea, linakuwa jeusi lenye majimaji. Kazi hiyo inakwisha usiku mmoja. Arusha mjini, iliyo karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 10 au 12 hivi. Ni baridi ya kutafutia sweta, lakini haigandishi. Moshi mjini iko chini zaidi, mita 800 na kitu, na ina joto zaidi. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi sita hivi, kwa hiyo wa Kibosho juu au Marangu juu wasijilinganishe na wa Majengo, mjini Moshi.

Baridi ya Arusha humuumiza mmea polepole: majani yanakuwa ya njano au ya zambarau, yanaanguka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, machipukizi yanasimama. Waathirika wakubwa ni mimea yenye asili ya joto, kama krotoni, haibiskasi na bogenvilia changa. Kwa hiyo mti wako ukiwa mweusi ghafla kati ya jioni na asubuhi hapa mjini, acha baridi, tafuta sababu nyingine. Uliza nani kamwaga nini.

Hatua ya 1: Kwangua gome

Chukua kisu kidogo, au kucha tu, ukwangue gome kwenye ncha ya tawi. Chini ya gome kukiwa na kijani chenye unyevu, tawi liko hai. Kukiwa na kahawia kavu, shuka sentimita 20 ukwangue tena. Endelea hivyo hadi ukutane na kijani au ufike kwenye shina karibu na udongo. Pale unapokutana na kijani weka alama, funga uzi au kitambaa, kwa sababu ndipo utakapokata baadaye.

Usikwangue tawi moja ukatoa hukumu. Jaribu matawi matano au sita, pande zote. Kuna bogenvilia zinazokauka juu kote huku shina la chini likiwa na kijani kibichi kabisa. Mti wa namna hiyo una mizizi ya miaka kumi chini, na mche wa kitaluni hautaufikia mwaka huu wala mwaka ujao. Kijana wa kitalu atakwambia umekufa. Yeye anauza miche, msamehe.

Ukikuta kahawia hadi shingo ya mti, pale shina linapoingia ardhini, na gome linavuliwa kirahisi kama soksi, huo umeondoka. Lakini usiuzike kabla hujajua ulikufa kwa nini, kwani utapanda mwingine papo hapo nao ufe.

Hatua ya 2: Rudi nyuma hatua kumi uitazame fensi nzima

Hapa ndipo jibu lilipo mara nyingi, na ndipo watu wasipotazama. Namna fensi ilivyokauka inaeleza kilichoikausha.

Ikikauka upande mmoja tu, tena ule wa barabarani au wa jirani, chanzo kimetoka nje. Cha kwanza kuulizia ni moto. Mitaa mingi yetu bado huchoma takataka pembezoni mwa uzio, na joto la moto mdogo linatosha kuua gome bila hata kuunguza majani. Majani yanakuja kukauka wiki mbili baadaye, wakati majivu yameshapeperushwa na kila mtu kasahau. Cha pili ni dawa ya kuua magugu. Mtu akinyunyizia ukingo wa barabara siku ya upepo, matone yanahama. Majani mapya yakitoka membamba, yamejikunja na yamepauka, hiyo ni dawa ya magugu. Cha tatu ni maji ya kufulia yanayomwagwa kila siku sehemu ile ile, na mwaka baada ya mwaka chumvi za sabuni zinajaa udongoni.

Ikikauka mita kadhaa mfululizo katikati ya fensi, kumbuka kama kulichimbwa mtaro wa bomba la maji au waya. Madhara ya mizizi iliyokatwa Februari huonekana kwenye majani wakati wa jua kali, hata miezi kadhaa baadaye. Angalia pia kama mafundi ujenzi walimwaga mabaki ya zege na saruji hapo. Chokaa ya saruji huufanya udongo ukose tindikali, mmea ukashindwa kuchukua chuma. Utaona jani la njano lenye mishipa ya kijani.

Ukianza kufa mti mmoja, kisha wa pembeni yake, kisha wa tatu kwa mstari, hofia ugonjwa wa mizizi. Huo unahama kutoka mzizi hadi mzizi. Na ikikauka chini huku juu imejaa, hiyo si maradhi hata kidogo: fensi imekatwa vibaya, imekuwa pana juu na nyembamba chini, majani ya chini yamenyimwa mwanga. Tutalirekebisha kwenye kukata.

Hatua ya 3: Chimbua

Chimba pembeni ya mti unaougua, nusu mita kutoka kwenye shina, kina cha jembe. Toa mizizi midogo uitazame na uinuse. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya krimu ndani, na ukiuvuta hauvuliki. Mzizi uliooza ni wa kahawia au mweusi, ngozi yake inateleza ikiacha uzi katikati, na unanuka tope la mtaro.

Wenye udongo mweusi wa kunata ndio hukutana na hali hii baada ya masika. Udongo wa majivu ya volkano wa miteremko ya Meru na Kilimanjaro hupitisha maji vizuri, ila ukishakanyagwa na malori ya ujenzi nao hugoma. Jaribio ni rahisi: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yamo baada ya muda wa saa sita nzima, mizizi yako haipumui. Dawa yake ni mfereji wa kuyatoa maji, au tuta la kupandia lenye kimo cha sentimita 20 hadi 30. Dawa ya kunyunyizia majani haitasaidia kitu hapo.

Ukikuta mchwa, usiwakimbilie na sumu. Mchwa mara nyingi ni mgeni wa msibani: anakula mti uliokwisha kufa au uliodhoofika kwa ukame. Waondoe, mwagilia, ondoa vipande vya miti mikavu vilivyofukiwa karibu, halafu uone. Miche michanga ndiyo anayoiua kweli, hasa sehemu kavu za tambarare chini ya Moshi.

Ukikuta utando mweupe kama karatasi kati ya gome na mti, pale kwenye shingo, unaonuka uyoga, huo ni ukungu wa mizizi. Mti huo haufai kubaki. Ung'oe na kisiki chake na mizizi minene yote, na usipande mti wa kudumu kwenye shimo hilo kwa sasa.

Hatua ya 4: Kama ni baridi, subiri kwanza

Mti ulioumizwa na baridi usiukate Juni wala Julai. Matawi yaliyokauka, yakiachwa, hukinga kidogo yale ya ndani. Na ukikata, unaamsha machipukizi laini ambayo baridi ya wiki ijayo itayaua, na mti utakuwa umetumia akiba yake bure. Usiweke mbolea za naitrojeni kama urea au CAN katika kipindi hicho, kwa sababu hiyo hiyo.

Mwagilia asubuhi badala ya jioni, na punguza kiasi. Mmea uliopukutisha majani haunywi sana, na udongo ulioloa kwenye baridi ndio unaooza mizizi. Krotoni na miche michanga ifunike usiku kwa shuka kuukuu au gunia la katani lililoegemezwa kwenye fito, ufunue jua likitoka. Nailoni ikigusa majani huyadhuru zaidi. Mimea ya vyungu isogeze karibu na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Ukuta hutunza joto hadi usiku. Kumbuka pia kwamba hewa baridi ni nzito, hutiririka kuelekea bondeni. Bustani iliyo chini ya mteremko yenye ukuta mgumu upande wa chini inaikusanya baridi hiyo, na kona hiyo si ya kupanda haibiskasi.

Ndugu zetu wa Njombe na Makete nao wasubiri hadi hatari ya sakitu ipite kabisa ndipo wakate. Sakitu ikishapiga, kuukata mti siku ile ile kwa hasira hakuponyi chochote.

Hatua ya 5: Kata, lakini jua unakata mti gani

Wakati mzuri huku kwetu ni mwisho wa Septemba hadi Oktoba, kabla vuli haijakolea, au mwisho wa Februari kabla ya masika. Mti unapata mvua ya kuchipulia.

Mkasi wa kukatia matawi uwe mkali, na msumeno kwa matawi manene. Panga linafaa kuparua magugu. Kwenye tawi linapasua mti na kuacha kidonda kisichofunga. Kama unashuku ugonjwa, futa makali kwa spiriti kila unapohamia mti mwingine, au kwa dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji. Klorini inakula chuma, kwa hiyo ukimaliza osha, kausha, paka mafuta.

Sasa la muhimu kuliko yote katika mwongozo huu. Kuna miti inayochipua kutoka kwenye mti mkongwe, na kuna isiyochipua kamwe. Mchongoma, bogenvilia, haibiskasi na duranta unaweza kuzishusha hadi sentimita 30 au 40 kutoka ardhini zikarudi zikiwa nene kuliko mwanzo. Kama mti umedhoofika sana, gawa kazi: theluthi moja ya matawi manene mwaka huu, theluthi nyingine mwakani, iliyobaki mwaka wa tatu. Kata juu kidogo ya jicho linalotazama nje, kwa mshazari, maji yasitue.

Msaipresi ni habari nyingine. Ukikata ukaingia ndani kwenye mti usio na majani mabichi, hapo hapatachipua tena, hata umwage samadi ya zizi zima. Pengo la kahawia kwenye fensi ya msaipresi haliponi, linafichwa tu kwa kuvuta tawi la jirani na kulifunga, au kwa kupanda kitu kingine. Nimeona fensi za miaka ishirini zikiuawa kwa mchana mmoja na fundi mwenye mashine ya kukatia aliyeambiwa "shusha, imepanda sana." Msaipresi hupunguzwa kidogo kidogo kila mwaka, kwenye kijani tu.

Mnyaa unakatika kirahisi, lakini maziwa yake yakiingia jichoni yanaleta maumivu makali na yanaweza kuharibu uoni. Vaa miwani, vaa mikono mirefu, watoto wakae mbali. Yakiingia, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Oleanda nayo, yenye maua ya waridi au meupe inayopendwa kwenye mageti, ni sumu kuanzia jani hadi mti. Matawi uliyokata usimpe mbuzi, usiyachome moto, na asije mtu akayachonga mishikaki.

Umbo la mwisho: chini pana, juu pembamba kidogo. Kwa fensi ya kimo cha mita moja na nusu, kila upande uingie ndani sentimita kumi na kitu kutoka chini hadi juu. Ndivyo mwanga unavyofika miguuni.

Msaipresi wa kahawia na vidukari wake

Kama msaipresi wako unakauka kuanzia ndani kuelekea nje, matawi ya hapa na pale, majani yanabaki kwenye mti yakiwa ya kahawia, fungua matawi utazame ngozi ya vijiti. Vidukari wa msaipresi ni wakubwa kidogo, wa kahawia, hujikusanya makundi. Wadudu hawa si wenyeji. Walionekana Malawi mwaka 1986, wakafika Tanzania mwaka 1988 na Kenya mwaka 1990, na waliua misaipresi mingi ya mashamba na ya nyua. Baadaye wataalamu waliachia nyigu mdogo sana anayetaga ndani ya vidukari hao, na hali ikatulia, ingawa wadudu bado wapo na hushamiri wakati wa kiangazi mti ukiwa na kiu.

Dalili ya haraka ni sisimizi wanaopanda na kushuka, na masizi meusi juu ya majani. Vidukari hutoa utomvu mtamu, sisimizi wanaufuata, ukungu mweusi unaota juu yake. Dalili hizo hizo utaziona pia kwenye haibiskasi yenye vidung'ata, wale weupe kama pamba.

Anza na maji ya mpira yenye nguvu, asubuhi, siku tatu mfululizo. Kisha sabuni ya maji isiyo kali, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, ijaribu kwanza kwenye majani machache usubiri siku mbili. Ikishindikana na unataka dawa, nunua iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Makao yake yako hapa hapa Arusha, pale palipokuwa TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu, na unaweza kuwapelekea tawi linaloumwa ndani ya mfuko wa karatasi uulize. Dawa za kupimiwa kwenye chupa ya maji bila lebo ziache dukani.

Masale: majani ya ncha kavu, na mipaka

Ncha za sale, yaani drasena, mmea wa majani marefu, zikikauka na kuwa kahawia huku jani lililobaki ni zima, watu husema baridi. Tazama maji kwanza. Maji ya visima na chemchemi nyingi kuzunguka Meru yana floridi nyingi. Ndiyo hiyo inayotia meno rangi, na maeneo mengi yanazidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Jamii ya masale ni miongoni mwa mimea isiyoistahimili. Floridi inasafiri na maji hadi ncha ya jani na kujikusanya pale. Masale ya vyungu ndiyo yanayoumia zaidi. Yape maji ya mvua yaliyokingwa kwenye tangi, epuka kuyawekea mbolea za fosfeti ambazo nyingine huwa na floridi, na nyunyiza chokaa ya kilimo kidogo kama udongo una tindikali. Ncha iliyokauka haitarudi kijani. Ikate kwa mkasi ukifuata umbo la jani.

La pili kuhusu masale halina uhusiano na mizizi. Kwa Wachaga sale ni mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na pia ni jani la kuombea msamaha. Sale la mpakani likifa, usiling'oe ukiwa peke yako, hata kama una hati. Mwite jirani: "Shikamoo mzee, masale yetu ya huku yamekauka, naomba tusimame pamoja tukipanda mengine." Awepo mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, pandeni jipya kabla ya kuling'oa la zamani, shimo kwa shimo. Kesi za mipaka zinazoanzia kwenye "nilikuwa nasafisha bustani" ni nyingi mno, na mnaweza kuziepuka kwa chai ya asubuhi moja.

Hatua ya 6: Lisha baada ya machipukizi, si kabla

Ukishakata, mwagilia tu. Subiri machipukizi yafike urefu wa kidole, ndipo uweke samadi iliyooza vizuri, ndoo moja kwa kila mita moja ya fensi, ukiichanganya na udongo wa juu bila kukata mizizi. Juu yake tandaza nyasi kavu au majani ya migomba, unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Moshi yapo maganda ya kahawa. Yaoze kwanza, mabichi hunyang'anya udongo naitrojeni.

Kiangazi mwagilia kwa kina mara moja au mbili kwa wiki, maji yashuke sentimita 30, kuliko kurashia kila jioni. Maji ya kurashia huita mizizi juu, na mizizi ya juu ndiyo jua la Januari linayoikaanga.

Hatua ya 7: Ziba mapengo

Panda mvua ikishakolea, Novemba au mwisho wa Machi. Shimo la sentimita 45 kwa 45, udongo wa juu uchanganywe na samadi. Ndani ya fensi kongwe, kata kwa jembe mizizi ya majirani kuzunguka shimo, la sivyo mche mpya utanyimwa maji na wenyeji wake.

Haibiskasi, duranta na bogenvilia hushika kwa vipandikizi vya unene wa penseli, urefu wa sentimita 20, theluthi mbili zikiwa udongoni, kivulini. Kipande cha mnyaa kiache kikauke kidonda siku kadhaa kabla ya kukipanda. Mchongoma panda kwa umbali wa sentimita 30 hadi 50, mistari miwili iliyopishana, kama unataka fensi ambayo mbuzi hapiti. Lantana iache hata ukipewa bure: inasambaa hadi mashambani na ni sumu kwa ng'ombe.

Miche ikifika kimo cha goti, ikate ncha zote. Inauma kuifanya, ila fensi isiyokatwa mapema hukimbilia juu ikiacha miguu wazi. Rudia ikiongezeka sentimita 20 nyingine, na uiache ipande taratibu hivyo hivyo hadi kimo unachotaka.